Muulize Mama Kulwa: Apdeti ya Kiwandani na Apdeti ya Kienyeji

Mwangaluka, wasomaji. Mwezi huu mfuko wa barua umejaa gemu. Siku zote mnaniuliza inverta inayolia usiku, redio inayokamata stesheni moja tu, na simu iliyozama ziwani ikafukiwa kwenye mchele. (Mchele ni wa kupika, nimeshasema.) Tangu shule zifungwe, meza yangu hapa Makoroboi, Mwanza, imebeba PlayStation 3 (PS3) tatu na PSP moja, ile ndogo ya kushika mkononi, isiyo na kifuniko cha betri, zote mashine za gemu za Sony, na wenyewe wanauliza jambo lilelile kila mmoja kwa namna yake: mashine inaniomba apdeti, nikubali?

Tukubaliane maneno kwanza. Mashine ya gemu inakuja na programu yake ya ndani, na kampuni huibadilisha inapotaka. Hiyo nitaiita ya kiwandani. Halafu kuna programu zinazotungwa na watu wasio na kibali cha kampuni, wengi wao vijana wanaokesha vyumbani mwao. Wazungu wamezipa jina la pombe inayopikwa nyumbani, kwa hiyo sioni kwa nini nisiziite za kienyeji. Na kuku wa kienyeji mnamjua: mtamu, mgumu, na hakuna anayekuandikia risiti.

Walikubali apdeti nikiwa Mwaloni

*Shikamoo Mama Kulwa. Nina kibanda cha gemu Kirumba, PS3 slim nne, zote zimechipiwa. Juzi nilishuka Mwaloni kumchukulia mama dagaa, kibanda nikamwachia mdogo wangu. Mteja mmoja akaunganisha mashine na intaneti ya simu yake ili aingie kwenye akaunti yake. Ikatokea apdeti 4.92, mdogo wangu akakubali. Niliporudi, gemu zote zimebaki picha tu, ukizigusa hazifunguki. Patchi yetu, ile nyongeza ya gemu yenye Simba na Yanga, ndiyo ilikuwa inaleta wateja. Nifanyeje? Na zile tatu niziapdeti au niache? Kuna fundi kaniambia kampuni imeshaifunga, ninunue nyingine.* — Wa Kirumba

Marahaba, mwanangu. Huyo fundi ukimchunguza utakuta ana ya kuuza.

Tuanze na hili neno kuchipu. Ndani ya PS3 yako hamna chipu yoyote iliyoongezwa. Neno tumelirithi kutoka PS2, enzi fundi anafungua mashine na kuchomea nyaya nyembamba kama unywele juu ya bodi. Nimezichomea sana, mpaka macho yakaanza kudai miwani. Siku hizi kinachowekwa ni programu tupu, na nina hakika yako ni ile inayoitwa HEN, iliyoanza kusambaa mwaka 2019. Kila asubuhi ukiwasha mashine, gemu hazifunguki mpaka uguse kwanza alama yake, si ndiyo? Ingekuwa aina ile nyingine inayokaa ndani kabisa ya mashine, usingegusa kitu.

HEN hupitia kwenye tundu lililo ndani ya kivinjari, ile sehemu ya mashine ya kufungulia kurasa za intaneti. Kampuni ililiziba tundu hilo zamani. Vijana nao wakafanya ujanja wao: wanachukua programu ya kiwandani ya sasa, wanachomoa kivinjari kipya, wanarudishia kile cha zamani chenye tundu, kisha wanakupa uweke. Mimi naiita chotara. Mashine yako ilikuwa na chotara. Mdogo wako alipokubali, ikaingia 4.92 safi, iliyotoka Machi 2025, ikamtoa chotara pamoja na tundu lake. Gemu zako zipo kwenye hadi diski (ghala la ndani la mashine) vilevile, na Simba na Yanga wapo. Aliyeondoka ni mshika ufunguo.

Kurudi kwenye namba ndogo usijisumbue, PS3 inakataa. Inakwenda mbele, au inabaki pale pale. Kwa hiyo tafuta chotara ya 4.92 hiyohiyo au ya juu yake. Fleshi ifomatiwe FAT32. Tengeneza folda PS3, ndani yake folda UPDATE, herufi kubwa zote, na ndani ya hiyo faili liitwe PS3UPDAT.PUP hivyohivyo, bila ile (1) ambayo simu hupenda kuibandika ukipakua kitu mara mbili. Usicheke. Wiki iliyopita kijana kasafiri na mashine kutoka Sengerema kwa sababu "haioni apdeti", na tatizo lilikuwa ni hiyo (1). Nilimtoza soda.

Faili lina kama megabaiti 200. Ukishalipakua, linganisha hashi yake, ule mstari mrefu wa herufi na namba, na ule walioutoa wenye programu. Herufi moja ikitofautiana, futa faili, usijadiliane nalo.

Mashine ikigoma kulipokea kwa njia ya kawaida, kuna menyu ya uokoaji. Ikiwa na taa nyekundu, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka ijizime yenyewe. Shikilia tena: utasikia mlio, baada ya sekunde chache mlio wa pili, halafu miwili ya harakaharaka. Hapo achia, chomeka pedi kwa waya. Utaona orodha ya namba. Unayoitaka ni 6. Namba 5 usiiguse, inafuta hadi diski yote.

Namba 5 naijua kwa machungu. Miaka kadhaa iliyopita kijana wa Nansio aliniletea PS3 asubuhi, anataka kuondoka nayo na meli ya mchana. Nikaiweka kwenye apdeti. Imefika asilimia sitini na kitu, umeme ukakatika. Mvua ilikuwa inatokea upande wa ziwa, mtaa wote kimya, zinasikika jenereta za wenye nazo tu. Umeme uliporudi, mashine ikawaka taa ya kijani na kioo cheusi. Nikaingia menyu ya uokoaji, mikono inatetemeka, kijana anatazama saa. Nikabonyeza 5 badala ya 6, likaja onyo, nikalikubali bila kulisoma. Mashine ikapona kabisa. Ligi aliyoicheza misimu saba ikafutika. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Hata Pamba?" Kumbe alikuwa ameiunda timu yetu ya Pamba mwenyewe kwa mkono, mchezaji mmoja mmoja, mpaka rangi ya soksi.

Sikumtoza kitu, na nauli ya meli nilimlipia. Tangu siku ile siweki apdeti ya aina yoyote bila inverta kuwa imejaa, na kabla sijaanza natoa kopi ya seva za gemu, yaani kumbukumbu za mchezaji alipofikia, kwenye fleshi. Wewe mwenye kibanda cha bati na waya ulioutoa kwa jirani, ufanye hivyo mara mbili.

Sasa zile tatu. Ziache zilivyo. Jiulize apdeti inakuletea nini ambacho wateja wako wanakilipia. Apdeti za PS3 za miaka ya karibuni hazileti gemu wala kasi. Zinaleta ruhusa ya kuingia kwenye akaunti, na mara nyingine ufunguo mpya wa kuchezea diski za sinema za Blu-ray. Kirumba nani anakuja kuangalia Blu-ray kibandani kwako? Nenda kwenye mipangilio uzime muunganisho wa intaneti kabisa, na mdogo wako mfundishe kazi ya kitufe cha mduara, kile cha kukataa.

Usije ukanielewa kwamba ya kiwandani ni ya wajinga. Wala usidhani kwamba kwa kuwa imetoka kwa kampuni basi haiharibu. Julai 2008 toleo 2.40 la PS3 liliondolewa haraka baada ya mashine za watu kugoma kuonyesha menyu. Juni 2013 likatoka 4.45, nalo likaondolewa kwa sababu hizohizo, ikaletwa 4.46. Kwa hiyo mimi, iwe ya kiwandani au ya kienyeji, sikimbilii. Nasubiri wiki mbili, nasikiliza wanaolia.

Kuna jambo hujaliuliza lakini nitakuambia, maana kwa mwenye kibanda lina faida kuliko gemu za bure. Kati ya programu za kienyeji iko inayoitwa webMAN MOD. Inakuonyesha nyuzijoto za mashine pale kwenye kioo, na inakuruhusu kuipangia feni. Ya kiwandani inaiacha feni ijiendee taratibu ili isipige kelele, na kwa mtu anayecheza saa mbili sebuleni hilo ni sawa. Kwako mashine inawaka tangu saa tisa alasiri hadi saa nne usiku, chini ya bati, vumbi la barabara upande mmoja na moshi wa mafuta ya samaki upande mwingine. Nimefungua PS3 za Kirumba. Vumbi lake si vumbi, ni uji. Unalikuta limeganda kwenye mapezi ya kupozea kama ukoko wa chungu. Pangia feni ianze kukaza kwenye nyuzi 68 hivi, kelele utazizoea. Ila usafishe kwanza, kwa brashi kavu, na ubadilishe ile dawa ya kupozea juu ya prosesa. Programu haipulizi uji.

PSP inayokufa kila chaji ikiisha

*Habari za kazi, Mama Kulwa. Mwanangu wa kidato cha pili aliletewa PSP na mjomba wake. Fundi mmoja alimwekea gemu na kitabu cha kusomea kwa elfu kumi. Ikafanya kazi wiki mbili. Tukaenda msibani Magu, chaji ikaisha kabisa, tuliporudi kila kitu kinasema data imeharibika. Fundi akairudisha dakika moja, akataka elfu tano. Imeshatokea mara tatu. Sasa mwanangu anasema aapdeti 6.61 ya kampuni yenyewe, tuachane na fundi. Nimruhusu?* — Mama wa Igoma

Mama mwenzangu, unalipa elfu tano ili mtu akubonyezee kitufe kimoja. Kwa bei hiyo na mimi nihamie Igoma.

Mwambie mtoto atoe betri, asome karatasi iliyobandikwa ndani ya chumba chake. Nadhani ataona PSP-3000 na kitu, kwa mfano 3004. Kwenye PSP za mwanzo programu ya kienyeji iliweza kuandikwa ndani ya mashine ikakaa moja kwa moja. Kwenye hizo za 3000 ilikuwa inakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Mashine ikilala kwa kusukuma swichi mara moja, programu inabaki. Chaji ikiisha kabisa, imeondoka, na mashine inaamka ikiwa ya kiwandani isiyomjua mtu. Ndiyo maana inaziita gemu zake data iliyoharibika. Hazijaharibika, ni kwamba haizitambui.

Mtoto aende kwenye orodha ya gemu, atafute alama iliyoandikwa Fast Recovery, aifungue. PSP itazima na kuwaka. Basi. Hiyo ndiyo dakika moja ya elfu tano.

Kuhusu 6.61, hiyo ni apdeti ya mwisho kabisa ya PSP, ilitoka Januari 2015 na haikufuatiwa na nyingine. Mtoto akiiweka peke yake hatapata gemu mpya, na za kienyeji zitagoma mpaka awekewe toleo lililotengenezwa kwa 6.61. Toleo hilo lipo, na siku hizi ipo hata njia ya kulifanya likae moja kwa moja hata kwenye 3000, ikiitwa Infinity. Kama anataka kufika huko, ni sawa apande 6.61 kwanza. Hapa ya kiwandani na ya kienyeji hazigombani: moja imeshastaafu, nyingine inakaa juu yake.

Shida yako itakuwa betri. PSP haianzi apdeti bila betri yenye chaji ya kutosha na chaja ikiwa imechomekwa, yote mawili kwa pamoja. Betri za umri huo nyingi zimekwisha, na nyingine zimevimba kama andazi mpaka kifuniko hakifungi. Iliyovimba usiichaji, na usikubali mtu aitoboe "kutoa hewa". Nunua nyingine kwanza.

Jambo la pili ni anapopakulia. Oktoba 2005 ilisambazwa programu iliyojidai inairudisha PSP ya toleo 2.00 kwenye toleo la zamani, kitu ambacho kila kijana alikuwa anakitafuta. Kazi yake halisi ilikuwa kufuta mafaili ya mfumo, mashine isiwake tena. Miaka miwili baadaye vijana wenyewe walivumbua betri iliyobadilishwa namba, wakaiita Pandora, ambayo ukiiweka PSP iliyokufa inaamka kwa kusoma memori kadi. Nilipenda sana ujanja ule. Lakini betri ile haifanyi kazi kwenye 3000, kwa hiyo mtoto asije akanisimulia habari za Pandora kama ndiyo bima yake.

Hicho kitabu cha kusomea kimenifurahisha. Kumbe anasomea humo?

Switch kutoka kwa shemeji

*Dada Mama Kulwa, mume wa dada yangu anaishi Kanada, ametuletea Nintendo Switch. Kijana mmoja hapa Bukoba anasema ataifungua iwe inaingia gemu za bure. Watoto hucheza mtandaoni na binamu zao wa kule. Tumpe?* — Bukoba

Msimpe, mdogo wangu.

Sababu siyo kwamba haiwezekani. Switch ilianza kuuzwa Machi 2017, na Aprili 2018 ikatangazwa hadharani kasoro kwenye chipu yake, Tegra X1 ya Nvidia. Kasoro iko kwenye ile sehemu ya kwanza kabisa inayosomwa mashine ikiwaka, na sehemu hiyo imechongwa ndani ya chipu kiwandani, haiandikwi upya. Nintendo haikuweza kuziba tundu kwa apdeti hata moja. Ilibidi ibadilishe chipu kwenye mashine zilizotengenezwa baadaye, kuanzia kama katikati ya 2018. Kwa hiyo kwanza kijana wako angekuuliza namba ya mashine, na kama hajaiuliza, hajui anachokifanya.

Halafu kuna fyuzi. Ndani ya ile chipu mna fyuzi ndogo mno, na baadhi ya apdeti za kiwandani zinachoma moja. Mashine ikiwaka inahesabu zilizoungua. Ukiirudisha kwenye programu ya zamani, hesabu haikubaliani, inakataa kuwaka. Wataalamu wa kienyeji wana njia ya kuipita hiyo, na wana njia ya kuweka mfumo wa pili kwenye memori kadi ili wa kiwandani usiguswe. Lakini mmesema watoto wanacheza na binamu zao. Kampuni ikigundua mashine imechezewa inaweza kuifungia huduma za mtandaoni, na ikishaifungia, kijana wa Bukoba hatakuwa na la kukusaidia. Gemu za bure hazitawaletea binamu.

Ni wizi au siyo?

*Mama Kulwa, ninafundisha Hisabati sekondari hapa Ukerewe. Wanafunzi waliniuliza kama kuweka programu hizi ni wizi. Nikasema ndiyo, wakacheka. Nani yuko sahihi?* — Mwalimu

Shikamoo mwalimu, maana mwalimu wa Hisabati kwangu ni mkubwa hata akiwa na miaka ishirini na mitano.

Umepata nusu, na wao nusu. Gemu uliyoinakili bila kuinunua ni mali ya mtu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Mimi gemu hizo siweki, na wateja wanaonikimbia kwa sababu hiyo nawajua kwa majina. Ila programu ya kupanga feni, au ya kusomea kitabu, au gemu aliyoitunga kijana mwenyewe akaitoa bure, hapo sioni mwizi.

Waulize swali la upande wa pili. PS3 iliuzwa ikiwa na uwezo wa kuwekewa Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kampuni ikautangaza kabisa. Maabara ya Jeshi la Anga la Marekani ikaunganisha PS3 1,760 zikawa kompyuta moja kubwa. Tarehe 1 Aprili 2010 likatoka toleo 3.21, ambalo kazi yake ilikuwa kuuondoa uwezo huo. Ukilikataa, huruhusiwi kucheza mtandaoni. Ukilikubali, kitu ulichokilipia kimeondoka. Nilimsimulia mume wangu, ambaye ni mvuvi, akasema ni sawa na kuuziwa mtumbwi na injini, kisha muuzaji anakuja usiku anafungua injini, anakuachia ujumbe kwamba ni kwa usalama wako. Wateja Marekani walishtaki, na kesi ikaishia kwenye makubaliano ya kulipa fidia.

Na kwa kuwa unafundisha Hisabati, chukua hii ya darasani. Desemba mwaka huohuo, kikundi kiitwacho fail0verflow kilisimama kwenye mkutano Berlin kikaeleza kwa nini kufuli la PS3 limevunjika. Saini ya siri ya kampuni ilihitaji kila mara namba mpya ya kubahatisha. Kampuni ilikuwa inatumia namba ileile kila mara. Ukipata saini mbili zenye namba moja, una milinganyo miwili na visivyojulikana viwili. Kazi ya sekondari tu, ukiondoa ukubwa wa namba zenyewe. Wakikuuliza tena hesabu zinasaidia nini maishani, waambie zilifungua PS3.

Tarehe

*Mama, PS3 yangu kila nikiichomoa kwenye soketi inaniuliza tarehe na saa. Ni kwa sababu sijaapdeti?* — Wa Nyegezi

Hapana, baba. Ndani mna kibetri cha saa, CR2032, cha duara kama shilingi mia. Kimekwisha. Kwenye zile nene kina nyaya mbili na soketi ndogo, usikivute kwa nyaya. Njoo nayo baada ya Jumatano, na ukija kwa bodaboda ipakate, usiifunge kwenye kerea.